KADI YA NJANO: BIMA YA MOTOKAA NG'AMBO YA MPAKA

Katika toleo hili nataka kuwaeleza jambo ambalo halimo katika vitabu vyetu vya darasani, lakini linamhusu kila mtu anayepita kando ya barabara kuu.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha habari za biashara kati ya nchi jirani. Alituuliza swali hili: "Lori likitoka nchi moja likaingia nchi ya pili, ni vitu gani huvuka pamoja nalo, na ni vitu gani hubaki nyuma?" Tulijibu kwamba mzigo huvuka, dereva huvuka, na mafuta yaliyomo tangini huvuka pia. Mmoja wetu alisema kwamba fedha hubaki nyuma, kwa maana hazitumiki ng'ambo mpaka zibadilishwe. Hakuna aliyetaja bima. Mimi nililijua jibu hilo, maana nililiona kwa macho yangu nilipokuwa Darasa la Sita. Mwalimu aliponisikia alinitaka niliandike kwa faida ya shule nzima.

Safari ya Holili

Likizo ya mwezi wa Juni mwaka ule mjomba wangu alinichukua katika lori lake. Yeye ni dereva wa siku nyingi, na safari hiyo alikuwa amepakia vitunguu vya kupeleka Mombasa. Kwa kawaida alikuwa akienda Dar es Salaam na Dodoma. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka mpaka na gari lake mwenyewe. Tuliondoka Moshi alfajiri, tukafika Holili jua likiwa bado halijapanda sana. Holili ni upande wa Tanzania, na mji wa Taveta uko upande wa Kenya.

Mjomba alikuwa na hati zake zote katika mfuko wa plastiki: leseni, kadi ya gari, pasipoti, hati za mzigo na cheti cha bima. Cheti hicho alijivunia kuliko hati nyingine zote, maana alikuwa amelipia ile ambayo watu huiita bima kubwa. Afisa mmoja alizikagua hati moja moja. Alipofika kwenye bima aliuliza, "Na Kadi ya Njano iko wapi?"

Mjomba akajibu, "Bwana mkubwa, hiyo ni bima kubwa. Inalipa kila kitu."

Afisa akatabasamu bila dharau, akasema, "Ni kubwa kweli, mzee wangu, lakini inalala Tanzania. Ukivuka hapa unakwenda peke yako."

Tulipotoka nje kijana mmoja asiye na sare alimwita mjomba pembeni. Alikuwa na kadi ya njano mkononi, tayari imepigwa mihuri. Alisema kwamba ataijaza namba ya gari letu kwa dakika tano, tena kwa nusu ya bei. Mjomba alikuwa na haraka, vitunguu vilikuwa juani, akatia mkono mfukoni. Mimi niliposhika ile kadi niliona kwamba namba ya gari jingine imekwanguliwa kwa wembe. Nikasema, "Mjomba, hii ilikuwa ya mtu mwingine." Aliitazama, akairudisha bila kusema neno.

Basi ilitubidi tuliache lori na utingo, tukapanda basi dogo kurudi Moshi kwenye ofisi ya kampuni iliyomkatia bima. Karani alisema, "Hukutuambia kwamba utavuka mpaka." Mjomba akasema, "Nanyi hamkuniuliza." Wote wawili walisema kweli. Mjomba alilipa huku akinung'unika, akapewa kadi, nasi tukapoteza siku nzima. Tulivuka asubuhi ya pili. Njia nzima mpaka Voi alikuwa akisema kwamba karatasi ile ni kodi nyingine tu iliyobuniwa ili kuwasumbua madereva.

Kabla sijaeleza kama alisema kweli au hakusema kweli, yafaa kwanza tujue kwa nini bima hukoma mpakani.

Mtu wa tatu ni nani?

Katika mkataba wa bima ya motokaa kuna watu wawili walioafikiana. Wa kwanza ni mwenye gari, ambaye hulipa ada. Wa pili ni kampuni ya bima, ambayo huahidi kulipa hasara. Lakini yuko na mtu wa tatu, ambaye hakutia sahihi mahali popote. Huyo ni mtoto anayevuka barabara kwenda shule, mama anayeuza mahindi ya kuchoma kituoni, au mzee anayesukuma baiskeli yake. Hajui habari za mkataba, wala hakuchangia hata senti moja. Hata hivyo yeye ndiye anayeweza kuumizwa na gari.

Serikali nyingi ziliona kwamba mtu huyo hawezi kuachwa bila ulinzi. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1930 ilimlazimisha kila mwenye motokaa kuwa na bima ya mtu wa tatu. Sheria za namna hiyo ziko hata kwetu. Kenya ina sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, na Tanzania ina ya kwake, Sura ya 169. Kila moja hulazimisha bima ya mtu wa tatu, ile ambayo Watanzania huiita bima ndogo. Bima kubwa huongeza juu yake hasara ya gari lenyewe.

Sasa angalieni jambo moja. Sheria ya Tanzania husema juu ya barabara za Tanzania, na sheria ya Kenya husema juu ya barabara za Kenya. Mamlaka ya sheria hufika mpakani ikasimama, hali gurudumu linaendelea kuzunguka. Hapo huzuka shida tatu.

Shida ya kwanza ni ya askari. Atajuaje kwamba cheti kilichotolewa katika nchi nyingine ni cha kweli, na kwamba kampuni iliyoandikwa humo ipo?

Shida ya pili ni ya mtu aliyeumia. Gari lililomgonga limekwisha kurudi kwao. Je, mkulima wa Taita atapata wapi nauli na wakili wa kwenda kudai fidia katika nchi nyingine, penye mahakama na sheria asizozijua?

Shida ya tatu ni ya kiasi. Sheria za nchi mbili hazilingani. Bima iliyopimwa kwa sheria ya nchi moja yaweza kuwa haba kwa sheria ya nchi ya pili.

Wazee wetu waliijua shida ya namna hii kabla ya motokaa kuja. Mgeni asiyejulikana akitaka kukaa kijijini hutakiwa awe na mdhamini, yaani mwenyeji anayesema, "Huyu akiharibu kitu, nidaini mimi." Kadi ya bima ya mpakani ni udhamini wa jinsi hiyo hiyo, ila mdhamini si mtu mmoja, bali ni nchi nzima.

Mwanzo wake Ulaya

Mpango huu ulianza Ulaya. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 magari yaliongezeka sana, na mipaka ya huko iko karibu karibu. Dereva aliweza kupita nchi tatu kwa siku moja, na katika kila mpaka alitakiwa anunue bima mpya. Mwaka 1949 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia uchukuzi wa Ulaya, yenye makao yake Geneva, ilishauri kwamba kila nchi iunde ofisi moja ya kusimamia bima ya magari ya wageni, na kwamba ofisi hizo zitambuane. Tarehe 1 Januari 1953 mpango ulianza kazi. Dereva alipewa karatasi ya rangi ya kijani, na jina likawa Kadi ya Kijani.

Katika kadi hiyo nchi zimeorodheshwa kwa herufi, na nchi ambayo bima haifiki hukatwa kwa mstari. Askari hana haja ya kujua lugha ya dereva. Hutazama herufi za nchi yake kama zimekatwa au hazikukatwa. Nchi mbili za Afrika zimo katika mpango huo, nazo ni Moroko na Tunisia.

Mwaka 1972 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipatana kwamba kadi isikaguliwe tena katika mipaka iliyo kati yao. Namba ya gari yenyewe ikawa ushahidi, kwa sababu kila gari lenye namba za nchi hizo hapana budi liwe na bima. Uingereza ilipokwisha kutoka katika Umoja wa Ulaya, madereva wake walitakiwa kuichukua tena kadi tangu Januari 2021, mpaka sharti hilo lilipoondolewa tarehe 2 Agosti 2021. Hapo tunaona kwamba ilikuwa namba ile ile na gari lile lile. Kilichobadilika ni mapatano ya nchi tu. Tena, tangu tarehe 1 Julai 2020 Kadi ya Kijani yaweza kuchapwa juu ya karatasi nyeupe. Rangi imeondoka, ahadi imebaki.

Kadi za Afrika

Afrika nayo haikukaa kimya. Nchi za Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi, ECOWAS, zilitia sahihi mkataba wa kadi ya rangi ya hudhurungi mjini Cotonou tarehe 29 Mei 1982. Nchi za Kiarabu zilikuwa zimekwisha kupatana juu ya kadi ya rangi ya chungwa mjini Tunis mwaka 1975.

Sisi wa mashariki na kusini tuna Kadi ya Njano. Mkataba wake ulitiwa sahihi Addis Ababa mwezi wa Desemba mwaka 1986, na kazi ikaanza mwaka 1987. Wakati huo nchi zetu zilikuwa katika Eneo la Biashara ya Upendeleo, ambalo baadaye, mwaka 1994, liligeuka kuwa COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, lenye makao yake makuu mjini Lusaka. Miongoni mwa nchi zinazoitumia kadi hii ni Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo ya Kinshasa, Ethiopia, Zambia, Malawi na Zimbabwe. Tanzania ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, lakini haikujitoa katika Kadi ya Njano. Nadhani sababu yake si ngumu kuiona. Bandari ya Dar es Salaam huhudumia nchi nyingi zisizo na bahari, na malori yao hupita katika barabara zetu usiku na mchana.

Afrika ya Kusini ina njia nyingine kabisa. Huko fedha za kuwalipa watu walioumizwa na magari hutokana na tozo iliyomo katika bei ya mafuta, nazo huwekwa katika mfuko maalumu. Kwa hiyo dereva mgeni anayejaza mafuta huko huwa anachangia mfuko huo, apende asipende.

Jinsi kadi inavyofanya kazi

Tuchukue mfano. Lori la Tanzania limevuka Tunduma na kuingia Zambia, na huko limemgonga mpita njia. Mambo huenda hivi:

Kwanza, dereva huonyesha kadi kwa polisi wa Zambia. Polisi huandika namba ya kadi, jina la kampuni iliyoitoa na tarehe za mwanzo na mwisho wake.

Pili, aliyeumia hapeleki madai yake Tanzania. Huyapeleka katika ofisi ya taifa ya Kadi ya Njano iliyomo nchini mwake mwenyewe.

Tatu, ofisi hiyo hushughulikia madai kana kwamba yenyewe ndiyo iliyolikatia bima gari lile. Hufuata sheria ya Zambia, mahali palipotokea ajali, si sheria ya Tanzania, gari lilikotoka.

Nne, ofisi ya Zambia ikisha kulipa huidai ofisi ya Tanzania, na mwishowe kampuni iliyotoa kadi hurudisha fedha hizo. Ziko pia fedha za akiba ya pamoja, ambazo makampuni huchangia ili madai makubwa yasiishinde kampuni moja. Akiba hiyo husimamiwa na shirika la bima la ZEP-RE lenye makao yake Nairobi.

Mnaona basi, shida zetu tatu zimepata majibu. Askari anaitambua kadi, aliyeumia anadai nyumbani kwake, na kipimo cha fidia ni cha sheria ya mahali pale. Tena Kadi ya Njano ina faida moja zaidi: hulipia matibabu ya dereva mgeni na abiria wake wanapoumia katika ajali.

Siku hizi kadi imeanza kutolewa kwa njia ya kompyuta, hata afisa wa mpakani anaweza kuithibitisha papo hapo. Wembe wa yule kijana wa Holili hautafaa sana huko tuendako.

Yaliyotokea karibu na Mwatate

Sasa narudi kwenye safari yetu. Vitunguu viliuzwa Mombasa kwa bei nzuri kuliko tulivyotazamia, nasi tukarudi na lori tupu. Tulipokaribia Mwatate mbuzi aliruka barabarani. Mjomba alikata usukani kumkwepa, na nyuma ya lori ikampiga mzee mmoja aliyekuwa akiendesha baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Mjomba alisimama mara moja. Tulimkuta mzee ameketi majanini, ameshika mguu wake, na ndizi zimetawanyika. Hakupiga kelele. Mjomba akapiga magoti, akasema, "Shikamoo baba, nisamehe." Mzee akajibu, "Marahaba," kisha akafumba macho kwa maumivu.

Watu walikusanyika. Mmoja wao alisema, "Mpeni mzee chochote, mmalizane hapa hapa." Mwingine akasema, "Hawa ni Watanzania. Wakiondoka leo hawataonekana tena." Mjomba alikuwa na fedha zote za vitunguu kiunoni. Nilimwona akizipapasa, nami nilijua anawaza nini. Kutoa fedha kidogo na kuondoka lilikuwa jambo rahisi mno, na pengine hata mzee mwenyewe angekubali kwa kutojua.

Polisi walipofika waliulizia Kadi ya Njano. Mjomba aliitoa, na safari hii hakunung'unika. Mtoto wa kiume wa yule mzee alikuwa amekuja mbio, akasimama pale asijue la kufanya. Nilirarua karatasi katika daftari langu, nikamnakilia namba ya kadi, namba ya gari na jina la kampuni ya bima. Afisa wa polisi aliisoma karatasi yangu, akaisahihisha tarakimu moja, akampa yule kijana na kumwambia, "Tunza hii kuliko fedha."

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Mzee alilazwa hospitali, na ilibidi atiwe chuma mfupani. Mjomba alipoisikia gharama yake alihesabu kwa vidole, akaniambia kwamba fedha zote za vitunguu zisingetosha nusu yake. Na zaidi ya hospitali kulikuwa na miezi ambayo mzee asingeweza kulima wala kupanda baiskeli.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yalikwenda upesi. Taarifa ya polisi ilichelewa, karatasi moja ya hospitali ilipotea ikabidi itafutwe upya, na yule kijana alifunga safari ya Nairobi mara mbili. Ilipita karibu miezi kumi. Lakini mwishowe mzee alilipwa, katika nchi yake, kwa sheria ya nchi yake, na kampuni ya Moshi ikarudisha fedha hizo bila yeye kuijua hata njia ya kufika huko.

Mjomba sasa huvuka mpaka mara kwa mara, na kila apitapo Mwatate humsalimu. Mara ya kwanza alipofika baada ya malipo mzee alimwambia, "Mwanangu, siku ile nilidhani lori lako limeondoka na mguu wangu." Mjomba aliniambia maneno hayo mara nyingi, na tangu wakati huo hajaiita kadi ile kodi tena.

Mambo ambayo kadi haifanyi

Msije mkadhani kwamba Kadi ya Njano hulipa kila kitu. Haitengenezi gari la mgeni lililoharibika. Hailipi mzigo uliomwagika au kuibiwa. Mwenye kutaka ulinzi huo ng'ambo ya mpaka hana budi kuusoma mkataba wake aone unataja nchi gani, na kama nchi anayokwenda haimo, aiombe kampuni yake iiongeze kabla ya safari. Wala kadi haisimami peke yake. Hutolewa juu ya bima ya nyumbani. Tena kadi haimwondolei dereva hatia akiwa amevunja sheria ya barabara. Bima hulipa fidia; haifuti kosa.

Jambo jingine lafaa likumbukwe na wanaosafiri kuelekea magharibi. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto wa barabara, lakini Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia. Dereva anayevuka Rusumo hubadili upande pale pale mpakani. Mkono uliozoea kushoto kwa miaka ishirini waweza kusahau kwa dakika moja, na dakika moja yatosha.

Mashauri kwa msafiri

Kwa kifupi, yeyote mwenye jamaa anayevuka mpaka kwa gari amkumbushe haya:

1. Aiambie kampuni yake ya bima mapema kwamba atavuka, na ataje nchi zote atakazopita, si ile ya mwisho tu.

2. Aisome kadi kabla ya kuondoka ofisini. Aangalie jina, namba ya gari, tarehe na nchi. Kosa la tarakimu moja lililoonekana Moshi husahihishwa kwa kalamu. Likionekana barabarani huleta kesi.

3. Asinunue kadi kwa mtu wa pembeni. Kadi ya bandia humpitisha dereva kizuizini, lakini haimtibu mtu aliyeumia.

4. Ajali ikitokea asimame, amsaidie aliyeumia, awaite polisi, na atoe taarifa kwa kampuni yake na kwa ofisi ya kadi ya nchi alimo. Aandike majina ya mashahidi. Asifanye mapatano ya fedha njiani.

5. Ampe aliyeumia, au jamaa yake, namba ya kadi. Hiyo ni haki yake.

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana yake ni kwamba mgeni akija hufaa aje na heri. Dereva anayeingia nchi ya watu bila bima inayotambuliwa huko ameigeuza methali hiyo, maana mwenyeji ndiye atakayebaki na mguu uliovunjika. Swali la mwalimu wetu lilikuwa: ni vitu gani huvuka na lori, na ni vitu gani hubaki nyuma? Sasa naweza kujibu. Bima hubaki nyuma, isipokuwa mwenyewe ameichukua. Na anapoichukua, haichukui kwa ajili yake. Huichukua kwa ajili ya mtu ambaye hajaonana naye bado, na ambaye angefurahi wasionane kwa njia hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Eleza maana ya "mtu wa tatu" katika bima ya motokaa. Toa mifano miwili kutoka katika barabara iliyo karibu na nyumbani kwenu.

2. Basi la Uganda limemgonga mtu huko Rwanda. Ni ofisi ya nchi gani itakayopokea madai? Ni sheria ya nchi gani itakayotumika? Ni nani atakayezibeba gharama mwishowe?

3. Kwa nini Tanzania iliendelea na Kadi ya Njano baada ya kujitoa katika COMESA mwaka 2000? Tumia ramani ya Afrika katika jibu lako.

4. Nchi za Ulaya zimeacha kukagua kadi katika baadhi ya mipaka. Ni mambo gani yangehitajika ili nchi zetu zifanye vivyo hivyo?

5. Watu wa Mwatate walisema, "Mmalizane hapa hapa." Andika aya moja ya kuwajibu.